Kifimbo cha Madereva

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa kushtuka. Katika shule yetu ya bweni mimi ndiye huwashtua wengine. Ni kazi kama kazi nyingine, na nimeifanya kwa uadilifu. Kiranja aliyeamka asubuhi akakuta kitanda chake kiko katikati ya uwanja wa mpira, na yeye yumo ndani, kafunikwa vizuri mpaka kidevuni, anaweza kutoa ushahidi. Shuleni naitwa Balaa, na jina hilo sikulipata kwa kuomba.

Kwa hiyo ninaposema kwamba siku ile ufukweni nilishtuka mpaka nikasahau kufunga mdomo, na mchanga ukaingia, mjue jambo lenyewe lilikuwa zito.

Mama yangu ni mwokaji mkuu katika bekari kubwa. Kazini wanamwita Mama Mizani, kwa sababu hapitishi kitu bila kukipima. Donge la unga likizidi mwenzake hata kwa uzito wa pumzi, analikata. Nyumbani ni yuleyule. Jirani aliwahi kutuazima vitunguu viwili, na Mama akazunguka soko zima kutafuta viwili vya ukubwa uleule ili avirudishe. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyenizaa mimi. Madaktari wanajua wenyewe ilikuwaje.

Bekari haifungwi. Watu wanakula mikate siku za kazi na siku za sikukuu, kwa hiyo mwezi wa mwisho wa mwaka ni wachache tu wanaoweza kwenda likizo. Zamani waliugombania kweli kweli, watu wakanuniana, na safari moja mtu mzima alimwagiwa unga kichwani. Ndipo wakabuni utaratibu ambao sijausikia kwingine. Kila mwaka wafanyakazi na familia zao huenda ufukweni, na idara mbili, waokaji na madereva, hushindana mbio za kupokezana. Badala ya kijiti wanakimbia na kifimbo cha kusukumia unga. Wanaoshinda huchagua tarehe za likizo kwanza, na wanaoshindwa huokota makombo. Ni mbio za kirafiki. Neno "kirafiki" limeandikwa kwenye bango kwa herufi kubwa, nadhani ili mtu asije akasahau.

Madereva walikuwa wameshinda miaka yote ambayo naikumbuka, na kila mwaka waliubeba mwezi wa mwisho mzima mzima.

Mwaka huu Mama aliutaka mwezi huo kuliko kitu chochote duniani. Dada yangu, ambaye ameolewa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, alikuwa anatazamia kujifungua mwezi huo. Mwaka uliotangulia alijifungua pia, na mtoto hakuishi wiki. Mama hakuwapo. Alipigiwa simu akiwa anatoa trei kwenye oveni. Akazitoa zote, akazipanga, halafu akakaa chini sakafuni. Ruhusa ilichelewa. Alipofika alimkuta dada uani anafua vinguo vidogo ambavyo havikuwa na wa kuvivaa.

Safari hii Mama alimwendea Meneja mapema. Meneja akamwambia, "Mama Mizani, nikikupa wewe nje ya utaratibu, kesho mlangoni kwangu patakuwa na foleni. Kimbieni kama wenzenu." Tangu siku hiyo Mama akawa anazunguka nyumba yetu kila alfajiri amevaa raba za Baba, anahema kama pampu. Baba, ambaye ni fundi wa majokofu, alimtazama dirishani akasema yeye ufukweni haendi. Kwa maoni yake mchanga ni uchafu uliopewa cheo.

Tuliposhuka kwenye gari siku ya mbio, jambo la kwanza Mama alilofanya ni kunisimamisha pembeni.

"Toa vilivyomo mfukoni."

"Mama, mimi leo ni mwanamichezo."

"Nimesema toa."

Nikatoa kaa wa plastiki, filimbi na kipande cha sabuni.

"Sabuni ya nini?"

"Usafi, Mama."

Akavitumbukiza vyote kwenye mkoba wake, akaufunga zipu. "Sikiliza, mwanangu. Leo tunashinda kwa miguu. Ukiniletea vituko vyako leo, utanitambua."

Nikaahidi. Na nilikuwa na nia ya kutimiza, jambo ambalo lilinishangaza hata mimi mwenyewe.

Timu ilikuwa watu wanne, na mmoja lazima awe mtoto wa mfanyakazi. Yetu ilianza na Mrefu, kijana wa oveni, ambaye miguu yake huanza pale ambapo ya wengine huishia. Wa pili alikuwa Shangazi Keki. Huyu si shangazi wa mtu yeyote pale, ila ndiye hupamba keki za harusi, na bekari nzima inamwita hivyo. Wa tatu mimi. Wa mwisho Mama. Upande wa madereva wa tatu alikuwa msichana wa umri wangu aitwaye Gia, na wa mwisho alikuwa baba yake, Breki, mkuu wa madereva, mtu mpana mwenye sauti ya honi.

"Balaa!" Gia aliniita. "Umekuja kukimbia au kusindikiza?"

"Nimekuja kukuonea huruma."

"Nionee ukiwa nyuma, utaniona vizuri zaidi."

"Baba yako anaitwa Breki. Hivi hilo ni jina la mtu wa mbio?"

Breki alisikia, akacheka mpaka tumbo likatingishika. "Kijana, mimi naitwa hivyo kwa sababu nikishapita mimi, wengine wote wanasimama!"

Vifimbo viwili vilikuwa vimewekwa ndani ya ndoo kwenye hema la vinywaji, chetu kimefungwa uzi mwekundu mpinini, cha madereva kimezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Watu wakajinyoosha viungo. Mama akasema anarudi hemani kutafuta miwani yake. Nilimwona akiondoka na mkoba begani na miwani kichwani. Nikadhani ni uzee unaanza, nikamsikitikia kimya kimya.

Uwanja ulikuwa kwenye mchanga mgumu karibu na maji. Kreti za mikate zilipangwa huku, nyingine kule mbali. Wa kwanza anakimbia kwenda, wa pili anarudi, wa tatu anakwenda, wa nne anarudi kumaliza. Meneja, ambaye alikuwa amevaa kofia ya jua na soksi ndefu, akapanda juu ya kreti na kuinyanyua ile ndoo ya vifimbo.

"Ndugu zangu, mwaka jana kulikuwa na maneno. Wengine walisema kifimbo cha madereva kimetobolewa ndani ili kiwe chepesi."

"Uongo!" Breki akapiga honi.

"Sijasema ni kweli. Nasema kulikuwa na maneno. Sasa mwaka huu, ili tuyamalize, mtabadilishana. Waokaji watakimbia na cha madereva, madereva watakimbia na cha waokaji."

Watu wakapiga makofi, kwa sababu lilikuwa wazo zuri. Mimi nilimtazama Mama ili nimpe dole gumba, nikakuta uso wake umekuwa wa mtu aliyegundua, baada ya kuingiza trei zote kwenye oveni, kwamba alitia chumvi mahali pa sukari. Kisha akafungua kitambaa cha jikoni alichokuwa amejifunga kiunoni, akakikamata mkononi, akaelekea zake kule kwenye kreti za mbali.

Hofu ya mashindano, nikajiambia.

Meneja akapuliza filimbi. Nilitambua mlio wake. Ilikuwa ni filimbi yangu; kumbe Mama alikuwa amempa.

Mrefu aliruka kama swala. Hatua chache tu, kifimbo kikamchomoka, kikaruka juu, kikaanguka. Madereva wakashangilia. Lakini Mrefu ni mwokaji. Kitu kikimtelezea mkononi hafikiri, mikono yenyewe inajua: nyunyiza unga, viringisha. Unga haukuwapo, mchanga ukawepo. Akakiviringisha kile kifimbo mchangani kwa viganja, huku na huku, kama donge, akakinyanyua kikiwa kimevaa mchanga kama koti, akaendelea. Tulikuwa tumeachwa, lakini si sana.

Akampa Shangazi Keki. Shangazi Keki, hata hivyo, ni mtu ambaye akiona punje ya sukari imekaa upande anakosa usingizi. Alikuja anakimbia vizuri kabisa, na huku anakimbia anakifuta kile kifimbo kwenye aproni yake, kwa makini, pande zote.

"Acha kufuta!" Mrefu alimpigia kelele kutoka kule.

"Kichafu!" akajibu Shangazi, na akanikabidhi kitu kisafi kinachong'aa.

Nilikishika kikanitoka. Nikakidaka kwa mkono wa kushoto, nao ukakitema. Mwishowe nikakikumbatia kifuani kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, nikaanza kukimbia, na harufu ikanipanda puani. Hapo ndipo mshtuko wa kwanza uliponipata.

Harufu ile naijua tangu nikiwa sijaota meno. Ni mafuta mazito, mafuta laini na unga, vimesagwa pamoja mpaka vikawa kama losheni. Mama huipaka mikebe ya keki kwa brashi ndogo, na keki hutoka yenyewe bila kubembelezwa. Bekarini wanaiita dawa ya Mama. Hakuna kitu duniani kinachoweza kung'ang'ania mahali palipopakwa dawa ya Mama. Ndiyo kazi yake.

Mtu alikuwa amepaka kifimbo cha madereva. Na mtu huyo hakuwa mimi!

Nakiri niliona wivu kidogo, wivu wa kitaaluma. Kulikuwa na mwenzangu pale ufukweni, na alikuwa amenitangulia. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya mwanafunzi. Dawa ilikuwa nene mno, hata kufutwa haikuisha, na amepaka hadi ncha ambazo hakuna anayezishika. Fundi hupaka mahali pa vidole tu, tena kidogo, mtu adhani ni jasho lake. Nikawa nakimbia huku nawapitia washukiwa wote kichwani. Gia? Asingepaka cha kwao wenyewe. Mrefu? Hana akili hizo. Shangazi Keki angepaka akaweka na maua.

Gia alikuwa mbele yangu, lakini aligeuka kunicheka jinsi nilivyokumbatia kifimbo, akakanyaga shimo walilochimba watoto, akaenda chini kifudifudi. Nikampita.

"Umeniona vizuri?" nikamwuliza nikipita.

Mbele yangu alisimama Mama, mguu mmoja mbele, mkono umenyooka kunipokea. Nilitaka kumpigia kelele, Mama angalia, kinateleza. Sikuwahi. Kwa sababu niliona mkono wake.

Ulikuwa umezungushiwa kile kitambaa cha jikoni, kiganja chote, kama mtu anayesubiri trei ya moto.

Mtu hushika kitu kwa kitambaa kwa sababu mbili tu. Ama kitu hicho kina moto, ama anajua.

Akanipokonya kifimbo, imara kabisa, hakikuteleza hata kidogo. Macho yetu yakakutana kwa muda mfupi sana, na katika muda huo Mama yangu, Mama Mizani, Mama wa vitunguu viwili, alinitazama kwa macho ninayoyajua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu huwa nayaona kwenye kioo cha bweni. Macho ya mtu ambaye hajakamatwa bado.

Nikakaa chini mchangani. Mdomo nikauacha wazi.

Nyuma yake Breki alipokea kifimbo kwa Gia, akaanza kuunguruma. Mama alikimbia. Raba za Baba zilikuwa kubwa kwake, zikawa zinapiga makofi. Breki alimkaribia, akamfikia, wakawa bega kwa bega, na mpaka leo watu wanabishana, lakini waliosimama kwenye mstari wanasema Mama alishinda kwa urefu wa kifimbo, kwa sababu alikinyoosha mbele.

Waokaji walilia. Mrefu alimbeba Shangazi Keki juu, akamshusha haraka alipotazamwa. Nilipofika, Mama alikuwa amesimama katikati ya wanaomkumbatia, na kitambaa bado kimezunguka mkono.

Breki ni muungwana. Alikuja anahema, anacheka. "Hongera, Mama Mizani! Leo umenifunga breki. Haya, nirudishie kifimbo chetu tukakitundike."

Akakichukua kwa mkono mtupu. Kikamchomoka, kikamdondokea kwenye vidole vya mguu.

Kicheko kilikatika taratibu, mtu mmoja mmoja. Breki akatazama kiganja chake. Akakinusa. Mtu anayebeba keki kila siku hahitaji kunusa mara mbili.

"Hii ni dawa ya Mama," alisema.

Kisha, bila mtu kuambiwa, vichwa vyote vya bekari ile viligeuka kunitazama mimi.

"Kijana," alisema Meneja kwa sauti ya huzuni.

"Si mimi," nikasema.

Nimewahi kusema maneno hayo mara nyingi maishani, na mara zote yalikuwa na mvuto, yana mpangilio, yana machozi kidogo. Siku hiyo yalikuwa ya kweli kwa mara ya kwanza, na yalitoka kama mkate usioumuka.

"Si mimi jamani! Mama alinipekua!"

"Mtoto huyu!" akasema Shangazi Keki. "Mama yake kahangaika mwezi mzima!"

"Ni mimi," Mama akasema.

Wote wakamgeukia kwa huruma. "Mama Mizani, usimkingie," Breki akasema kwa upole. "Mwache abebe mzigo wake."

"Nasema ni mimi niliyepaka."

"Mama ni mama tu," mtu akanong'ona nyuma, na mwingine akafuta jicho. Kadiri Mama alivyokiri ndivyo walivyozidi kumpenda. Nilisimama pale nikiwa na hatia yote na kosa sina, nikawaza kwamba nikitoka salama nitaliandikia bweni letu hotuba juu ya jambo hili.

Ndipo Mama alipouchukua mkoba wake kwenye kreti, akafungua zipu. Akatoa kikopo chenye mfuniko. Akatoa brashi yake ndogo, manyoya yake bado yamelowa dawa. Akaviweka mkononi mwa Meneja, kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha vitunguu.

Bahari ilisikika. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

"Nilidhani kitawachelewesha kidogo tu," Mama akasema. "Mlipobadilishana nikakosa pa kujificha. Binti yangu anajifungua mwezi huo. Mwaka jana nilikuwa natoa mikate wakati yeye anamzika mwanawe. Nimekimbia kila asubuhi, na kila asubuhi nikajua siwezi kukushinda, Breki. Haya ndiyo yaliyopo. Mniadhibu."

Nimemwona Mama akiwa amekasirika, amechoka, amelala na miwani. Sikuwahi kumwona ameinamisha kichwa mbele ya watu. Kitu kile kilinishtua kuliko kikopo na brashi.

Breki alikuwa bado ananyoosha vidole vyake vya mguu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kila mtu ana yake nyumbani. Ningeanzia wapi?"

Meneja alikohoa. Akasema ushindi umefutwa, na madereva wachague kwanza kama ilivyo kanuni. Hakuna aliyebisha, hata Mrefu.

"Mwezi wa mwisho," Breki akasema. "Wote."

Shangazi Keki akashika kifua. Mama aliitikia kwa kichwa tu, akaanza kukifungua kile kitambaa mkononi.

"Subiri, sijamaliza," Breki akasema. "Nafasi za wenzangu ni zao. Yangu mimi ni yangu, na naweza kubadilishana nayo. Nitafanya kazi mwezi huo, Mama Mizani aende. Lakini si bure. Mtu ameniangushia gogo mguuni."

"Unataka nini?" Mama akauliza.

Breki akaninyooshea kidole chake kipana. "Huyu. Likizo yake yote ya shule. Magari yote ya mikate, ndani na nje, kila siku, na Gia ndiye msimamizi wake."

"Mimi sikufanya kitu!" nikapiga kelele.

"Utakuwa umefanya," akasema Gia, na mchanga bado umemganda puani. "Tunakuhesabia ya mbele."

Nikamtazama Mama. Huyu ni mwanamke anayepima chumvi ya mayai. Nilitegemea kwamba kwa mwanawe wa kiume, wa pekee, atachukua angalau muda kidogo wa kupima.

"Mchukue," akasema.

Njiani kurudi tulikaa kiti cha nyuma, na mimi nikashindwa kujizuia.

"Mama, nikwambie kitu kama mtaalamu?"

"Nyamaza."

"Huwezi kutumia dawa yenye jina lako. Ni kama kuacha kitambulisho."

Akatazama nje ya dirisha. Tukapita nyumba, taa, maduka yanayofungwa. Halafu, kwa sauti ndogo sana, bila kugeuka, "Wewe ungetumia nini?"

"Ile sabuni uliyoninyang'anya."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikatishika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akafuta kwa kile kitambaa cha jikoni, akabaki na mafuta usoni. Kisha akaacha ghafla. "Usithubutu kurudia maneno haya kwa baba yako."

Mwezi wa mwisho ulipoingia, Mama aliondoka na basi la alfajiri. Mimi nikaanza kazi. Magari ya mikate, kwa taarifa yenu, yana makombo mahali ambapo hata mhandisi aliyeyatengeneza hajawahi kufika. Gia alikuwa anakaa juu ya kreti na kunionyesha kwa kijiti.

"Hapo. Hapana, hapo. Unaosha au unabembeleza?"

Nilikuwa nimeingia nusu mwili chini ya gari, povu hadi viwikoni, simu ilipolia juu ya boneti. Gia akasoma kioo chake, akashuka kwenye kreti. "Ni mama yako."

Nikanyoosha mkono, na nikausimamisha hewani. Nikachukua kwanza kitambaa kikavu, nikakizungusha kiganjani, vizuri, pande zote, ndipo nikaishika simu. Haikuteleza.

"Mama?"

Nilisikia mlango, nikasikia mtu anaburuta kiti. Gia alikuwa amenikaribia mpaka bega lake likagusa langu.

"Mama, sema."

"Ngoja," akasema, sauti yake ikiwa nzito. "Sikiliza mwenyewe."

Akaisogeza simu, na kilichotoka humo kilikuwa kilio kikali, cha hasira, cha mtu mdogo asiyeridhika na chochote alichokikuta duniani, na hakina dalili ya kukoma.